Ulizeni Fundi: Gari linalolala pwani likaushieni hewa, msilipoze

Swali kutoka Muscat, Oman

Asalaam aleikum fundi, na shikamoo. Mimi mzaliwa wa Tanga, kazi yangu iko huku Muscat. Marehemu baba alituachia Land Rover 109, Series III ya mwaka 1978, aliyoinunua kwenye shamba la mkonge lilipokuwa linauza magari yake ya zamani. Ipo kwenye banda la nyumbani, Chumbageni. Mkataba wangu umebakiza miaka miwili na nusu, na nikirudi nataka niiendeshe mwenyewe hadi Lushoto. Mdogo wangu ananiambia ndani inanuka uvundo na usukani umeota ukungu mweupe. Huku magari ya thamani yanawekwa kwenye vyumba vya kiyoyozi, usiku na mchana. Nimekwisha tenga pesa ninunue kiyoyozi nitume nyumbani. Nifunge cha ukubwa gani, na nikiweke nyuzi ngapi?

Jibu

Wa aleikum salaam, na marahaba mwanangu. Mzee namwombea rehema. Pesa ya kiyoyozi usiitoe kwanza. Nitakujibu kwa kirefu, maana swali hili hunijia kila masika, na wengi wanaoniuliza wamekwisha nunua.

Nilianza kushika spana Ngamiani mwaka 1983. Gari lililokufa kwa joto la bandani silikumbuki hata moja. Yaliyokufa kwa maji ni mengi, na maji yenyewe hayakuwa ya mvua wala ya mafuriko. Ni maji yaliyomo ndani ya hewa.

Hewa ya joto hubeba maji mengi kuliko hewa ya baridi. Ukisikia unyevu ni asilimia 75, maana yake hewa imebeba robo tatu ya maji inayoweza kuyabeba kwa joto lile. Ikipoa, mzigo ni uleule ila nguvu ya kubeba inapungua, mpaka inafika mahali inautua. Inautua juu ya kitu chochote cha baridi kilicho karibu. Ndiyo jasho la chupa ya soda ikitoka kwenye friji. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, ambayo kwa Tanga ni hewa ya kawaida kabisa, huanza kutua maji ikigusa chuma chenye nyuzi 25.

Sasa tuseme umeweka kiyoyozi kwenye nyuzi 22. Mlango ukiwa umefungwa na umeme upo, kitakamua maji kiasi. Mdogo wako akifungua mlango, au umeme ukikatika saa nne usiku na hewa ya nje ikapenya kwenye nyufa, kila chuma kilicho ndani kinageuka chupa ya soda. Madramu ya breki, meno ya gia, kuta za silinda, chesisi kwa ndani, vyote vinatoka jasho kwa pamoja, na mlango ukishafungwa jasho hilo halina pa kwenda. Kisha kiyoyozi kina tabia nyingine: kikishafikia nyuzi ulizokitaka, kompresa inapumzika, lakini maji yanayoingia na hewa hayapumziki. Chumba kinabaki cha baridi na unyevu unapanda. Huko uliko kiangazi kinapita nyuzi 40, na vyumba unavyoviona vimezibwa kuanzia sakafu mpaka dari. Banda la mzee limeezekwa bati na mlango wake una uwazi wa vidole vitatu chini. Kwetu pwani chuma kinatakiwa kiwe na joto sawa na hewa ya nje au zaidi yake kidogo. Kinachotakiwa kutolewa ni maji.

Kwa kuwa uliniruhusu, nilikwenda Chumbageni Jumanne iliyopita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Saa hiyo niliichagua makusudi. Mdogo wako alifungua mlango, na kitu cha kwanza nilichosikia ni tone, kisha tone jingine. Usiku anga likiwa wazi, bati hupoa kuliko hata hewa iliyo chini yake, na upande wake wa ndani unalowa mpaka unadondosha. Hakuna dari, kwa hiyo matone yote yanaangukia turubai la nailoni mlilolifunika gari. Nilipolinyanyua turubai, upande wa ndani nao ulikuwa umelowa. Bodi imekauka juu kwa sababu turubai limezuia matone, lakini kuanzia usawa wa rimu kwenda chini kila kitu kina umande. Niliingiza kidole kwenye tundu la kutolea maji la chesisi, nyuma ya gurudumu la kushoto. Kilitoka na tope jekundu, laini kama uji. Hilo si tope la barabara ya Korogwe, mwanangu. Ni kutu iliyolowa.

Bodi isiwadanganye. Land Rover toka ilipotoka mwaka 1948 imejengwa kwa bodi ya aluminiamu, kwa kuwa baada ya vita chuma cha Uingereza kilikuwa cha mgao. Chesisi yake ni ya chuma, nayo ni boksi lililofungwa pande zote. Mtu anapapasa mlango, anaona hauna kutu, anaridhika, kumbe mti unaliwa kutoka ndani. Na pale aluminiamu inapogusana na chuma, pakiwa na maji yenye chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Chini ya boliti za mabawa ya mbele nimeukuta tayari ule unga mweupe. Ni kidogo, bado hatujachelewa.

Kipima unyevu changu kilisoma asilimia 88 kwa nyuzi 27. Nilikiacha pale nikarudi saa nane mchana: asilimia 70 kwa nyuzi 32. Maji yaliyomo hewani hayakubadilika sana, joto ndilo lililobadilika. Na hata asilimia 70 bado ni nyingi. Kutu ya chuma hushika kasi unyevu ukivuka 60 hivi, na penye vumbi la chumvi huanza mapema zaidi. Ukungu wa viti na usukani unapenda kuanzia 70. Tunachokitafuta ni kati ya 50 na 55. Msishuke chini ya 40, maana hapo raba, ngozi na mbao zinaanza kukauka na kupasuka.

Kabla ya kuondoka nilibandika kipande cha nailoni nyeupe kwenye sakafu, urefu wa mkono kila upande, nikakizungushia gundi ya karatasi pande zote nne. Nilirudi Alhamisi. Chini ya nailoni kulikuwa na matone kama mtu aliyetokwa na jasho usoni, na zege lilikuwa limeiva rangi ya kijivu kizito, wakati pembeni yake ni jeupe. Maji yanapanda kutoka ardhini. Nailoni ingekuwa imelowa kwa juu tu na chini ni kavu, ningesema kosa ni la hewa peke yake. Hapa yote mawili yapo. Mwaka wowote mtu anaponiambia anajenga banda, namwomba atandike nailoni nzito chini ya zege siku ya kumwaga. Ni gharama ya siku moja, na baada ya hapo nafasi hiyo hairudi kirahisi.

Kwa hiyo kazi iende hivi. Turubai la nailoni litoke leo, si kesho. Mwaka 2009 nililifunga gari la mteja wangu kwa nailoni, nikalikaza kwa kamba nikiamini nalilinda, na nikalikabidhi baada ya miezi kumi na moja likiwa na mapele ya rangi boneti nzima. Nililipa rangi ile, lakini uso wa yule mzee alipoliona ndio unaonikumbusha mpaka leo. Nailoni inazuia maji yasiingie na inayazuia yasitoke. Gari mlifunike kwa shuka la pamba, moja au mawili, vumbi lisitue.

Sakafu, kwa kuwa zege limeshamwagwa, tandikeni nailoni nzito juu yake ukuta kwa ukuta, pembe zake zikunjwe zipande ukutani, kisha juu yake mbao au mkeka wa raba chini ya magurudumu. Chini ya bati pigeni dari, hata ya plaiwudi, mkiacha nafasi ya kupitisha hewa kati yake na bati, ili matone yakidondoka yadondokee kule na joto la mchana lisishuke moja kwa moja. Mlango uwekewe raba chini na pembeni. Nyufa za juu ya ukuta zizibwe.

Kuziba si jambo dogo, na nataka uone hesabu yake. Banda lenu lina upana wa mita 3, urefu mita 6, na kwenda juu mita 2.7, yaani kama mita 49 za ujazo. Hewa ya nyuzi 30 na unyevu wa 75 ikijaa humo, imebeba maji yanayopita lita moja kidogo. Kuishusha mpaka 50 unatakiwa kutoa theluthi moja ya lita na ushee. Ni kidogo, glasi moja na nusu. Lakini banda linalovuja hewa, hewa yake ikibadilika yote kila saa moja, glasi hiyo na nusu inarudi kila saa. Kwa siku nzima ni kama lita 9. Mashine ileile, banda lililozibwa itafanya kazi masaa machache ipumzike, banda linalovuja itaunguruma usiku kucha na LUKU itakuishia.

Ndipo sasa tunafika kwenye mashine. Pesa ya kiyoyozi inunue mashine ya kukausha hewa, ile ya kompresa, ambayo inapenda joto letu. Inavuta hewa, inaipitisha kwenye bomba la baridi lililo ndani yake yenyewe, maji yanatua mle, hewa inatoka ikiwa kavu na yenye joto kidogo. Jasho linaitoka mashine badala ya gari, na chumba kinapanda nyuzi moja au mbili, jambo linalotufaa. Unapoinunua angalia vitu viwili ambavyo wauzaji hawavitaji. Cha kwanza, iwe na mahali pa kuchomeka mpira wa kutoa maji nje, kwa sababu ndoo yake ikijaa inajizima, na mdogo wako hatakuwa akiimwaga kila siku kwa miaka miwili na nusu. Cha pili, umeme ukikatika na kurudi, ijiwashe yenyewe na ikumbuke asilimia ulizoiwekea. Zipo nyingi zinazosubiri mtu aje abonyeze. Ukiiacha ya namna hiyo, umeme ukizimika Jumapili, gari linalowa mpaka atakapokuja mtu.

Iwekwe juu ya meza, upande wa mbele wa gari, mbali na tangi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hukaa chini sakafuni, na kitu chenye swichi za umeme hakitakiwi kukaa nao. Kama tangi au mpira wa mafuta unavuja, tutengeneze hilo kwanza.

Mdogo wako aliniuliza kama vile vipakiti vya silika jeli vinavyokuja na viatu havitoshi. Kilo moja ya silika jeli hunyonya kama robo lita hivi, halafu imeshiba. Kwa banda zima ni kujisumbua. Ndani ya kibini, vioo vikiwa vimepandishwa, kilo mbili kwenye mifuko ya kitambaa zinasaidia, na zikishiba zinakaushwa kwenye oveni zikatumika tena. Vile vikopo vya dukani vinavyojaa maji msiweke ndani ya gari kabisa. Maji yale ni chumvi kali, kikipinduka kwenye zulia kinakula sakafu yake.

Na kipima unyevu msikiamini kabla ya kukipima. Vya bei nafuu husoma pungufu au zaidi kwa asilimia 8 na ushee. Chukua kizibo cha chupa ya soda, kijaze chumvi ya mezani, dondoshea maji matone machache mpaka iwe kama mchanga wa ufukweni uliolowa, isiwe supu. Kiweke kizibo na kipimo pamoja kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, uliache kivulini mpaka kesho. Hewa ndani ya kopo lile husimama kwenye asilimia 75. Kikisoma 70, unajua kila siku uongeze 5. Changu husoma 73, nimekiandikia mgongoni kwa kalamu ya wino.

Chesisi yenyewe tutaifanya hivi: kuzibua matundu yote ya chini, kuipuliza ndani kwa kompresa, kuiacha ikauke siku tatu mashine ikiwa inafanya kazi, kisha kunyunyiza nta ya kuzuia kutu kwa mpira mrefu. Zamani tulikuwa tukipuliza oili chafu. Chuma kilikuwa kinapona, lakini oili inavimbisha bushi za raba, na oili iliyotumika ina asidi yake. Mdogo wako ana namba yangu. Nitasimamia siku ya kunyunyiza.

Swali kutoka Bamburi, Mombasa

Habari za kazi, fundi? Mume wangu ni baharia, ameondoka kwa miezi tisa. Toyota yake iko kwenye banda upande wa baharini, na ukuta una matofali ya matundu ili hewa ipite. Alimwagiza askari wetu aiwashe kila Jumamosi dakika tano. Kila akiiwasha, maji yanachuruzika kwenye ekzosi. Juzi alitaka kuirudisha nyuma ikakataa, gurudumu la nyuma limeganda. Ni injini imeharibika?

Jibu

Nzuri, dada yangu. Injini haijaharibika, ila hizo dakika tano zinaiharibu taratibu, kwa hiyo askari aache.

Petroli ikiungua inazaa maji. Lita moja ya petroli hutoa kama lita moja ya maji kwa umbo la mvuke. Gari likitembea safari ya kutosha, ekzosi inapata moto na mvuke wote unatoka nje. Likiwashwa dakika tano, ekzosi bado ya baridi, mvuke unageuka maji mle ndani na kubaki. Kiasi kingine kinapita pembeni ya ringi za pistoni kinaingia kwenye oili, na oili haikupata joto la kukirudisha hewani. Fungueni mfuniko wa oili mtazame chini yake: mkikuta utando wa rangi ya maziwa ya chai, ndiyo hayo. Ama gari litoke barabarani nusu saa nzima, likimbie vizuri, ama lisiwashwe. Katikati hapana.

Gurudumu lililoganda ni handibreki. Ameivuta akaiacha, na viatu vya breki vimeshikana na dramu kwa kutu. Asilazimishe kwa gia. Weka mawe kwenye magurudumu ya mbele, liachie handibreki, lipandishe jeki na stendi, uligonge dramu kwa nyundo ya mpira kulizunguka, mara nyingi linaachia. Likishaachia, handibreki isivutwe tena mpaka mwenyewe arudi. Gari likae kwenye gia, au P kama ni otomatiki, na vigingi vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu.

Kinachonisumbua zaidi kwenye barua yako ni yale matofali ya matundu. Kuna wazo limekaa vichwani mwa watu kwamba hewa ikipita ndio unyevu unatoka. Inategemea ni hewa gani. Kusi likivuma, hewa inayoingia kwenye matundu yenu imetoka juu ya maji ya bahari, ina unyevu na ina chumvi. Chumvi ikitua kwenye chuma inavuta maji yenyewe kutoka hewani, hata siku ambazo hakuna umande. Ndiyo maana nyumba mbili za mtaa mmoja, moja ya mstari wa kwanza na moja ya mstari wa tatu, geti lile linaoza na hili linadumu. Ziba matundu ya upande wa bahari, hata kwa plasta nyepesi. Ya upande wa bara yaache, myawekee wavu wa panya na kipande cha mbao cha kufungia. Yafunguliwe kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi siku za jua, yafungwe kabla ya magharibi. Mkifungua alfajiri ili banda lipate hewa, mnaliletea umande.

Kabla ya hayo yote gari lioshwe, na lioshwe chini zaidi ya juu: ndani ya mabawa, nyuma ya magurudumu, kwenye chesisi. Tumieni maji baridi ya kweli, yaani yasiyo na chumvi. Visima vingi vya pwani yetu vina chumvi, na nimeshuhudia watu wakiosha chumvi kwa chumvi. Onja maji kwanza. Baada ya kuosha, liachwe juani likauke nusu siku milango ikiwa wazi, ndipo liingie ndani.

Betri ichomolewe waya wa hasi. Kila mwezi mtu aipime: 12.6 ni imejaa, ikishuka 12.4 ichajiwe bila kungoja. Joto linaimaliza betri hata ikiwa imekaa tu, na ikilala ikiwa pungufu sahani zake zinaganda kabisa. Tairi zijazwe upepo hadi karibu na kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni, zisilale bapa.

Swali kutoka Dodoma

Fundi, babu ana Peugeot 504 yenye viti vya ngozi, imekaa bandani toka mwaka jana. Ngozi inapasuka. Jirani kasema tuweke ndoo mbili za maji bandani ili hewa isiwe kavu. Ni sawa?

Jibu

Babu mpe salamu zangu. Gari hilo halihitaji kutambulishwa kwa mtu wa Afrika Mashariki, lilishinda Safari Rally mwaka 1975.

Ndoo ziondoeni. Ni kweli kiangazi cha Dodoma mchana unyevu hushuka sana, na ngozi inaumia. Lakini usiku wa Juni na Julai kwenu ni wa baridi hasa, na maji ya ndoo mliyoyavukiza mchana yatatua usiku kwenye boneti. Mtakuwa mmejitengenezea Tanga yenu wenyewe. Hali yenu ndiyo ambayo mtu wa pwani angeilipia pesa. Ngozi ipakwe mafuta ya ngozi mara moja kila miezi mitatu, baada ya kufutwa kwa kitambaa chenye maji kidogo sana. Raba za milango zipakwe silikoni, msitumie grisi. Dirisha linaloingiza jua liwekwe pazia zito, kwa sababu nina hakika mpasuko umeanza upande wa juu wa kiti cha nyuma, pale jua la jioni linapopiga. Vumbi nalo lifutwe kabla ya mvua za Desemba, maana likikutana na unyevu wa kwanza hushika rangi kama plasta.

Swali kutoka Leicester, Uingereza

Shikamoo fundi. Kila Januari nakwenda Zanzibar kwa miezi mitatu, gari naliacha kwenye gereji ya nyumba, haina hita. Nilinunua mashine ya kukausha hewa ya kompresa kama mnavyoshauri, lakini rafiki yangu anayepita kuangalia anasema imejaa barafu na haitoi maji. Nimeuziwa mbovu?

Jibu

Marahaba. Si mbovu, imepelekwa mahali isipopaweza. Mashine ya kompresa inataka joto. Gereji ikishuka chini ya nyuzi 15 inaanza kuhangaika, na ikikaribia nyuzi 5 bomba lake la baridi linafunikwa na barafu badala ya kutoa maji. Kwa huko tafuta aina inayotumia gurudumu la chembe kavu zinazonyonya maji na kukaushwa kwa joto ndani ya mashine yenyewe. Hiyo haijali baridi.

Mwambie rafiki yako jambo moja zaidi. Siku ya hatari ni ile ya Machi ambayo jua limetoka ghafla baada ya wiki ya baridi, na mtu anaona vizuri afungue mlango gereji ipate joto. Gari bado lina baridi ya jana mwilini. Hewa ile ya uvuguvugu ikiligusa, litalowa kuanzia boneti hadi buti mbele ya macho yake. Siku hiyo mlango ubaki umefungwa mpaka chuma chenyewe kipate joto, na akitaka kuhakikisha aguse boneti kwa kiganja kabla ya kugusa komeo.